Malindi Mezani: Ziara za Kibalozi na Pwani ya Kilifi

Ziara ya waziri wa mambo ya nje katika nchi nyingine ni tendo la kisheria. Kifungu cha 7 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba kinamtaja waziri huyo pamoja na mkuu wa nchi na mkuu wa serikali: watatu hao huhesabiwa kuwa wanaiwakilisha dola kwa nyadhifa zao tu, bila kudaiwa hati ya mamlaka. Waziri wa kilimo au wa fedha akitaka kutia saini mkataba, kwa kawaida huhitaji barua inayomruhusu. Waziri wa mambo ya nje hahitaji, na akishatia saini, nchi yake haiwezi kusema kirahisi kwamba haikujua.

Uzito huo ulithibitishwa na kesi iliyotoka Afrika ya Kati. Mwezi wa Aprili 2000 hakimu mmoja wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kongo ilikwenda The Hague, na tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba waziri wa mambo ya nje, akiwa bado madarakani, ana kinga kamili dhidi ya kukamatwa katika nchi za nje. Hoja ya mahakama ilijengwa juu ya safari: kazi ya waziri huyo ni kusafiri, na asiyeweza kusafiri bila hofu ya pingu hawezi kuifanya.

Kenya nayo ilijifunza uzito wa saini. Tarehe 7 Aprili 2009, jijini Nairobi, waziri wa mambo ya nje Moses Wetang'ula na waziri wa mipango wa Somalia walitia saini hati ya maelewano kuhusu mpaka wa baharini. Bunge la Somalia liliikataa miezi michache baadaye. Hata hivyo, mwaka 2017 Mahakama ya The Hague ilisema hati ile ni mkataba halali, ingawa haikuizuia mahakama kuisikiliza kesi yenyewe. Hukumu ya Oktoba 2021 ikachora mpaka ulioelekea zaidi madai ya Somalia kuliko ya Kenya. Kurasa chache zilizotiwa saini katika mkutano wa siku moja zilibishaniwa na mawakili kwa miaka.

Sehemu kubwa ya ziara hufanyika kabla ndege haijaruka. Mwaliko huja kwa waraka wa kibalozi. Balozi aliyeko nchi mwenyeji hupendekeza tarehe na watu wa kuonana nao, na maofisa wa dawati la nchi hiyo wizarani huandika muhtasari wa mambo ya kuzungumza. Wizara nyingine huulizwa zinataka nini: biashara, kilimo, utalii, ulinzi, kazi. Rasimu za makubaliano hupita kwa Mwanasheria Mkuu. Hata taarifa ya pamoja inayosomwa mbele ya waandishi wa habari mara nyingi huwa imekwisha kubishaniwa neno kwa neno siku kadhaa kabla mawaziri hawajapeana mikono. Kwa hiyo jambo lisiloingia katika muhtasari wa dawati ni nadra kuingia katika mkataba. Hapo ndipo eneo kama Malindi na Kilifi linapopata au kukosa, na historia ya pwani hii inalionyesha jambo hilo kwa uwazi ambao miji michache ya Afrika Mashariki inaweza kulingana nao.

Malindi ilituma wajumbe karne nyingi kabla Kenya haijakuwa nchi. Kumbukumbu za utawala wa Ming nchini China zinataja wajumbe wa Malindi waliofika mwaka 1415 kwa mfalme Yongle wakiwa na twiga, mnyama ambaye watu wa baraza walimfananisha na qilin, kiumbe wa heri wa hadithi zao. Katika safari ya tano ya msafara wa Zheng He, kati ya 1417 na 1419, wajumbe wa nchi mbalimbali walirudishwa makwao na merikebu zikafika pwani hii. Wataalamu bado wanabishana kama mji uliotajwa ulikuwa mahali pa Malindi ya leo au Mambrui, upande wa kaskazini wa mto Sabaki. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking na wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walipochimba Mambrui mwaka 2010 walipata sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle. Lililo muhimu kwa mada hii ni nani aliyesafiri. Mtawala wa Malindi alichagua zawadi, akachagua wajumbe, akajitambulisha kwa dola kubwa kuliko zote alizozijua, akiwa mtawala wa mji wa biashara ya pembe, ambari na nafaka. Ajenda ilikuwa yake.

Ziara ya pili inayojulikana ni ya wageni waliokuja. Vasco da Gama alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako mambo yalikwenda vibaya. Shajara ya mmoja wa mabaharia wake inaeleza mkutano wa kwanza kwa undani ambao mwanadiplomasia yeyote wa leo angeutambua. Mfalme alimwalika nahodha nchi kavu. Nahodha akajibu kwamba bwana wake hakumruhusu kushuka. Mfalme naye akasema kwamba akipanda merikebu ya wageni, watu wake watamwonaje? Suluhu ilikuwa kukutana majini, chombo kwa chombo. Mfalme alikuja katika mashua amevaa joho la damaski lenye pindo la satini ya kijani, amekaa chini ya mwavuli wa satini nyekundu, na wapiga siwa wakipuliza pembe za ndovu zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu. Da Gama aliwaachilia mateka Waislamu aliokuwa nao, na mfalme akasema kitendo hicho kilimpendeza kuliko kupewa mji. Mabaharia wawili walipokwenda kuliona jumba la mfalme, mwana wa mfalme na sharifu mmoja walikaa melini kama dhamana. Siku chache baadaye mambo yalikaribia kuharibika: rubani aliyeahidiwa alikuwa hajaletwa, na da Gama akamzuia melini mtu wa karibu wa mfalme mpaka rubani alipofika. Tarehe 24 Aprili waliondoka, na Mei 20 walikuwa karibu na Calicut.

Mfalme wa Malindi hakuwa mwenyeji mjinga aliyedanganywa na wageni. Mombasa ilikuwa mshindani wake mkubwa, na wageni wenye mizinga waliokwisha kugombana na Mombasa walikuwa washirika wa kutamanika. Januari 1499, da Gama aliporudi kutoka Bara Hindi akiwa na mabaharia wagonjwa, Malindi ilimpa chakula, pembe ya ndovu kwa ajili ya mfalme wa Ureno, ruhusa ya kusimamisha nguzo, na kijana mmoja wa kwenda Ureno ili mfalme wa huko ajue jinsi Malindi ilivyoutaka urafiki wake. Mwaka 1500 msafara wa Pedro Álvares Cabral ukaleta barua na zawadi za kujibu. Kwa miaka tisini hivi Malindi ilipata ilichokitaka. Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, ikashambuliwa tena 1528, ikavamiwa tena 1589.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kuchunguzwa na kila anayepanga ziara. Ushirika ule ulikuwa na lengo moja tu, kumwangusha jirani, na lengo lilipotimia Malindi haikuwa na dai lingine la kuweka mezani. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakamhamishia sultani wa Malindi huko kuwa mfalme chini ya ulinzi wao. Mji wenyewe ulibaki nyuma ukasinyaa. Mwana wa ukoo huo, Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa ngome na akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alilelewa Goa, akabatizwa Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme mwaka 1626, na mwaka 1631 akaasi na kumuua kapteni. Nguzo ya Malindi, yenye msalaba wa mawe kutoka Ureno, bado imesimama kwenye ncha ya ufuo na hupigwa picha na watalii kila siku. Ni mabaki ya makubaliano ambayo mwenyeji wake hakupanga hatua ya pili.

Karne ya kumi na tisa iliuhamisha uamuzi mbali zaidi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana, bila mtu wa pwani katika mazungumzo, kwamba mamlaka ya Sultani wa Zanzibar barani yataishia maili kumi kutoka baharini. Ndani ya ukanda huo zilikuwamo Mtwapa, Takaungu, Kilifi, Malindi na Mambrui. Desemba 1895 Uingereza iliukodi ukanda wa upande wa Kenya kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Nyuma ya ukanda, vijiji vya Wagiriama na Mijikenda wengine havikuhesabiwa kuwa upande wowote wa mkataba. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilipowataka watu wa pwani waonyeshe haki zao za ardhi, waliokuwa na karatasi walisajiliwa, na ardhi nyingi iliyobaki ikawa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Mwaka 1963 ukanda huo ulirudi mezani. Ripoti ya Sir James Robertson ya Desemba 1961 ilikuwa imependekeza ukanda uungane na Kenya. Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU aliyetoka Kilifi, alikuwa mmoja wa sauti kubwa katika mikutano ya Lancaster House mjini London, lakini hoja yake kuu ilikuwa majimbo, yaani mgawanyo wa madaraka ndani ya Kenya. Suala la ukanda lilimalizwa kwa njia ya kibalozi: barua za Oktoba 1963 kati ya Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, kisha makubaliano ya tarehe 8 Oktoba kati ya Uingereza, Sultani, Kenya na Zanzibar. Kenya iliahidi kulinda uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, na hati za umiliki wa ardhi zilizokuwa zimesajiliwa.

Ahadi mbili za kwanza zilikuwa za haki, na mahakama za Kadhi zimo hata katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Ahadi ya tatu ilikuwa na gharama ambayo haikuzungumzwa mezani. Kuzilinda hati zote kulimaanisha kulinda pia matokeo ya usajili wa 1908, na maelfu ya familia za Magarini, Malindi na Kilifi zilizokuwa zikilima ardhi hiyo kwa vizazi zilibaki maskwota juu yake. Migogoro ya ardhi inayofika mbele ya machifu na mahakama za Malindi leo ina mizizi mingi, lakini mmoja wayo ni barua za wiki hiyo ya Oktoba. Wanadiplomasia walizungumzia haki ya aliyekuwa na hati. Asiyekuwa nayo hakuwa na mtu wa kumsemea.

Mfano wa kisasa ulio karibu zaidi uko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma aliitaka pwani hii kwa sababu iko karibu na mstari wa ikweta, nyuzi tatu tu kusini mwake: roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki husaidiwa zaidi na mzunguko wa dunia, na mabaki yake huangukia baharini. Majukwaa ya chuma yalisimamishwa katika Ghuba ya Ungwana, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka hapo kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya nchi ilikorushiwa. Mwanasayansi mkuu wa mradi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Setilaiti ya mwisho iliondoka Ngomeni Machi 1988. Tangu hapo kituo kimekuwa cha kupokea mawimbi na kufuatilia vyombo vilivyoko angani.

Waitaliano wa mradi wa San Marco waliufungulia mji mlango mwingine. Wengine walikuja likizo, wengine wakajenga hoteli na nyumba, na kufikia miaka ya themanini Kiitaliano kilikuwa lugha ya kazi kwa vijana wa ufuoni, wapishi, mafundi na wachuuzi wa vinyago wa Malindi. Ajira hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mkataba wa kituo chenyewe ulizungumzwa na serikali mbili, Nairobi na Roma, na viongozi wa Kilifi wameuliza mara kwa mara wananchi wa Ngomeni wanapata nini.

Mkataba wa sasa ulitiwa saini Trento, Italia, tarehe 24 Oktoba 2016. Tofauti yake na wa kabla yake iko katika viambatisho: itifaki kuhusu kuisaidia taasisi ya anga ya Kenya, kupata takwimu za kuiangalia dunia kutoka angani, elimu na mafunzo, kituo cha kikanda cha uangalizi wa dunia, na tiba ya masafa. Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka uliofuata. Hapa Kenya ilikwenda mezani ikiwa na orodha yake, na ikapata. Machi 2023 Rais wa Italia, Sergio Mattarella, alipoizuru Kenya alifika mpaka kituoni Malindi, na mwezi uliofuata setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuchunguza dunia, Taifa-1, ilirushwa kutoka California. Kipimo cha mkataba wa Trento, hata hivyo, kinapaswa kuwa karibu zaidi na udongo: wanafunzi wangapi wa Magarini wamepata mafunzo kituoni, na kama takwimu za mvua na bahari zinazopokelewa hapo zinamfikia mvuvi wa Ngomeni kabla ya kusi kali. Itifaki ya mafunzo isiyotaja kaunti haiizuii kaunti, lakini pia haimlazimishi mtu kuikumbuka.

Nchi inayopanga ziara kwa utaratibu ulio wazi kuliko nyingi ni China. Tangu 1991 waziri wake wa mambo ya nje huanza kila mwaka kwa safari ya Afrika. Januari 2022 Wang Yi alifika Mombasa, akakutana na mwenzake Raychelle Omamo, akaliona gati jipya la mafuta la Kipevu, na makubaliano kadhaa yakatiwa saini, yakiwemo ya kuuza parachichi za Kenya nchini China. Parachichi ni zao la Murang'a na nyanda za juu. Ziara ilifanyika pwani, na zao lililovuma likawa la bara. Hakuna dhuluma katika hilo: wakulima na wauzaji wa parachichi walikuwa wamejipanga, wakaguzi wa afya ya mimea walikuwa wamefanya kazi yao kwa miaka, na dawati lilikuwa na karatasi ya kupeleka. Embe la Malindi na Magarini lina kisa tofauti. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mauzo yakarudi 2021 baada ya kutengwa maeneo ya kudhibiti wadudu hao. Waziri hawezi kulifungulia soko tunda lisilo na cheti. Afisa wa kilimo wa kaunti anayeweka mitego ya nzi shambani anaandaa ziara ya waziri kwa njia ambayo balozi hawezi kuifanya.

Upande wa watu ni mwepesi kuusahau mpaka mambo yaharibike. Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasiende Mombasa ila kwa safari ya lazima, na kampuni za utalii zikawarudisha watalii wao nyumbani. Hoteli zilizofunga hazikuwa za Mombasa tu, kwani mgeni wa Watamu na Malindi hupitia uwanja wa Mombasa, maana njia ya ndege ya Malindi haitoshi ndege kubwa za masafa marefu. Ushauri huo uliondolewa mwaka uliofuata. Novemba 2018 mfanyakazi wa kujitolea kutoka Italia alitekwa Chakama, ndani ya Kaunti ya Kilifi, na akaachiliwa Mei 2020 baada ya kushikiliwa Somalia. Mambo kama hayo hujadiliwa katika ziara za mawaziri, mara nyingi faraghani, pamoja na mengine ambayo pwani inayajua vizuri: mishahara na pasipoti za wasichana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, na nafasi za kazi Ulaya. Makubaliano ya uhamiaji na Ujerumani, yaliyotiwa saini Berlin Septemba 2024 na Musalia Mudavadi kwa upande wa Kenya, yanahusu wafanyakazi wenye ujuzi. Faida yake kwa Kilifi itategemea vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha nini, na kama vinafundisha Kijerumani.

Kisheria, kaunti haina waziri wa mambo ya nje. Jedwali la Nne la Katiba linaiachia serikali ya kitaifa mambo ya nje na biashara ya kimataifa, huku kilimo, utalii wa ndani ya kaunti na vyuo vya ufundi vikiwa mikononi mwa gavana. Waziri husafiri na ajenda ambayo utekelezaji wake uko kwa mtu ambaye huenda hakuulizwa. Ziara za magavana ng'ambo haziwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa saini zao hazifungi nchi.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni wakati wa kuandika muhtasari: kaunti kupeleka mapema, kwa maandishi, mambo machache yenye takwimu na jina la afisa anayehusika, ili dawati la Italia, la China au la Ghuba liwe nayo kabla tarehe ya ziara haijapangwa. Njia ya pili huja baada ya saini. Sheria ya Kufanya na Kuridhia Mikataba ya mwaka 2012 inataka mkataba unaohitaji kuridhiwa upite Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Kitaifa, na kamati inayohusika ikusanye maoni ya wananchi kabla Bunge halijaamua. Ukiridhiwa, kifungu cha 2(6) cha Katiba kinaufanya kuwa sehemu ya sheria za Kenya. Tangazo la kamati hutoka gazetini likiwa na siku chache za kuwasilisha maoni. Chama cha wavuvi cha Ngomeni, wakulima wa maembe wa Magarini au walimu wa chuo cha ufundi wanaweza kupeleka ukurasa mmoja ndani ya siku hizo, wakitaja kifungu wanachotaka kibadilishwe au kiwekewe masharti, na kuyafikisha maoni hayo mbele ya kamati kabla haijaandika ripoti yake.